Alama mbili ndogo zilizoninyima usingizi

Juzi msomaji wangu mmoja, mama mtu mzima, aliniandikia hivi: Hadithi yako “mpya” nimeisoma, mwanangu. Ni “nzuri” sana, Mungu akuzidishie.

Ujumbe ule nililala nao siku tatu. Mpya ndani ya alama za kunukuu ndiyo mpya gani? Kwamba nimeiokota mahali? Na hiyo nzuri yenye pembe je? Rafiki yangu nilipomwonyesha alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko chake hakikunisaidia kitu. Siku ya nne nikapiga moyo konde nikamuuliza mwenyewe. Mama wa watu alishangaa. Kwake alama zile ni za kulitia neno mkazo, kama mtu anayepiga mstari chini yake. Alikuwa amenisifu mara mbili, mimi nikahesabu matusi mawili.

Najua nawe unaandika, maana asiyeandika angekwishaacha kusoma hapa. Na najua unataka siku moja jina lako likae kwenye jalada. Basi nisikilize, kwa sababu alama hizi zimewahi kunigharimu zaidi ya usingizi wa siku tatu.

Miaka kadhaa iliyopita niligundua kwamba waandishi wakubwa wanazikimbia. James Joyce hakuzipenda, akawa anaanza maneno ya mhusika kwa kistari. Cormac McCarthy aliziacha kabisa. José Saramago aliwatenganisha wasemaji kwa koma na herufi kubwa tu, na mazungumzo yanatiririka ukurasa mzima bila kupumua. Nikasema moyoni, kumbe usasa uko hapa! Nilikuwa na mswada wa sura kumi na mbili. Nikafungua kompyuta, nikaenda kwenye tafuta na badilisha, nikazifuta zote kwa mkupuo mmoja. Ilichukua sekunde chache. Sijawahi kujiona mwandishi kama siku ile.

Mswada ukarudi na mstari mmoja tu kutoka kwa mhariri: “Kuna watu wanne sebuleni na sijui nani amesema nini.”

Mstari mmoja kwa kazi ya miaka miwili. Hata salamu hakuna. Ilikuwa sura ninayoipenda kuliko zote, ndugu wanagombania wosia wa baba yao, na mhariri alikuwa ameelewa kwamba mama yao ndiye aliyeuficha. Mama, jamani! Mtu pekee msafi katika kitabu kizima. Nilimlaani mhariri yule wiki mbili. Nilimwita mshamba.

Lakini alikuwa na haki, na sababu yake hakuna aliyewahi kuniambia darasani. Anayeandika kwa Kiingereza akiziacha alama bado ana viwakilishi viwili vya kumsaidia, kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Mume na mke wakigombana, msomaji anajua nani kajibu. Sisi tuna a- moja kwa wote: baba, mama, mtoto, hata mbwa. Tazama kipande hiki kutoka kwenye mswada wangu, kwa aibu yangu mwenyewe:

Nitaondoka kesho, alisema. Nani amekuambia. Ameniambia mwenyewe. Akanyamaza, akatoka.

Nani ametoka? Mimi niliyeandika ilinibidi nirudi nyuma ukurasa mzima kuhakikisha. Na kuna baya zaidi. Andika: Alisema nitakuja. Bila alama, atakayekuja ni nani, yeye au mimi ninayesimulia? Ukiweka alama ni usemi halisi, anakuja yeye. Ukiziondoa unaweza kuwa usemi wa taarifa, naja mimi. Mtu mzima amebadilika kwa sababu ya vijitone viwili. Nilikuwa nimeiga nyumba ya watu bila kuangalia nguzo zake zimesimama wapi.

Kuandika upya kulichukua miezi minane, nisikuchoshe nayo. Kitabu kilichapwa kwingine. Kilipotoka nilimpelekea mhariri yule nakala moja, bila barua. Hajajibu mpaka leo, wala sisubiri. (Nasubiri kidogo.)

Sasa ushauri. Kwanza, soma kwa sauti. Kama ukisoma mwenyewe unapotea, msomaji atapotea mara mbili. Ukitaka kuziacha alama ziache, lakini kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine: jina la mtu, kistari, aya mpya kwa kila msemaji, au namna ya kuongea ya mhusika inayomtambulisha kabla hujamtaja. Mimi sikuwa nimeweka hata kimoja. Nilifuta tu.

Pili, kwa Kiswahili tumia alama mbili mbili, usitumie ile moja moja wanayoipenda wachapaji wengi wa Uingereza. Tuna ng’. Weka ng’ombe au ng’ambo ndani ya alama moja moja uone: jicho la msomaji linafikiri nukuu imefungwa kabla neno halijaisha. Na chagua umbo moja. Alama zilizonyooka ni urithi wa mashine za taipu, ambako kitufe kimoja kilifungua na kufunga ili kuokoa nafasi. Zilizopinda ndizo za wachapaji wa zamani. Mswada wenye zote mbili unamwambia mhariri kwamba umebandika vipande kutoka huku na kule. Atakufikiria mwizi, kama nilivyodhani yule mama ananifikiria.

Tatu ni hili la mkazo, na hapa nilitaka kuhubiri. Shuleni tuliambiwa fungua semi, funga semi, basi. Leo alama hizo hizo zinanukuu, zinakejeli, zinatilia shaka, na watu wanazichora hewani kwa vidole wakiongea. Kwa Kiingereza zile za kejeli zina jina lake kabisa, na mwanafalsafa Elizabeth Anscombe alilitumia katika makala yake ya mwaka 1956. Ukimwita mtu “mtaalamu” hivyo, umemtukana bila kutamka tusi. Kwa hiyo ukitaka mkazo, koza maandishi au yalaze, na bora zaidi tafuta neno lenye nguvu. Nilikuwa nimejiandaa kumwandikia mama yule somo lote hili.

Kisha nikasoma asili ya alama hizi, nikanywea. Wagiriki wa kale waliweka pembeni mwa ukurasa alama kama ncha ya mshale, >, wakaiita diple. Haikufungua wala kufunga maneno ya mtu. Ilimwambia msomaji: angalia hapa, pana jambo. Baadaye wanakili wa Kikristo wakaitumia kuonyesha maneno yaliyotoka katika Maandiko, na polepole, karne baada ya karne, alama ikatoka pembezoni ikaingia ndani ya mstari. Hata barua pepe zimeirudisha, tazama ile > mbele ya maneno ya mtu unayemjibu. Kwa hiyo mama anayelizungushia alama neno “nzuri” ili nilione vizuri yuko karibu na Wagiriki kuliko mimi na mafunzo yangu ya fungua semi.

Somo sikulituma. Jana usiku nilimwandikia: Asante sana, mama. Nikaitazama, nikaona imepoa. Nikarudi nikaongeza alama: Asante “sana”, mama.

Akajibu papo hapo: “Karibu”.