Ini la kuchapishwa, tulisubiri?

SWALI: Shikamoo bibi. Mjomba wangu, mkulima wa korosho hapa Newala, ameambiwa ini lake limesinyaa. Kijana mmoja kijiweni anasema Wamarekani siku hizi wanachapisha maini kwa mashine. Ni kweli? Tuanze kuchanga? – Mpwa, Newala

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Michango isubiri. Kijana hakudanganya, ila habari kaikata katikati. Mwaka 2021 timu mbili za Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, zilishinda shindano la NASA, shirika la anga la huko, kwa kutengeneza tishu ya ini yenye unene wa sentimeta 1 na kuiweka hai maabara siku 30. Sentimeta moja! Ini la mtu mzima lina kilo moja na nusu hivi.

Seli zenyewe zinapatikana. Kazi ni kuzilisha. Ukinunua maini ya mbuzi, kata pande nene ulitazame kabla halijaingia kikaangoni. Utaona matundu, mengine yana kuta nyeupe ngumu. Ukiliminya, damu inachuruzika. Hiyo ni mishipa mikubwa. Inagawanyika na kugawanyika mpaka macho hayaioni, ikipita ubavuni mwa seli. Seli ikikaa mbali na damu kuliko unene wa karatasi mbili za daftari, oksijeni haiifikii, inakufa. Na ini ni lafi: linapokea karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo, na sehemu kubwa ya damu hiyo inatoka kwenye utumbo, oksijeni yake imeshapungua. Haya, kachapishe mabomba ya namna hiyo!

Wake Forest walichapisha jeli yenye seli na kuachia vijia vya kupitisha chakula na oksijeni. Mimi niliyezeekea maabara navutiwa zaidi na kazi ya Boston, hukohuko Marekani, ya mwaka 2010. Walichukua ini la panya, wakapitisha dawa ya sabuni kwenye mishipa yake mpaka seli zote zikatoka, likabaki gamba jeupe lenye njia zake za damu zilezile. Wakamimina seli mpya, kisha wakaliunganisha na panya hai. Lilidumu saa chache. Mshipa uliovuliwa utando wake wa ndani hugandisha damu, na damu ikiganda, njia imezibwa.

Kwa hiyo la mjomba halijachapishwa popote. Mpelekeni hospitali ya Ligula, Mtwara, apimwe homa ya ini B na C: ya B ina vidonge vya kuituliza, ya C inatibika ikaisha. Nanyi wa nyumbani mpimwe. Asiye na B wala kinga yake achanjwe. Uraka, hiyo pombe ya mabibo, aache leo, si msimu ukiisha. Najua atakwambia ni maji ya mabibo tu. Wazee wa huko nawafahamu, mimi mwenyewe nimeolewa na mmoja.