Jibu: Jina Sita lina maana gani, na je, lina mkosi?

Mkuu, umeuliza maana ya jina la kike Sita, na kama ni kweli lina mkosi. Namba sita iweke kando, hiyo tumeitoa Kiarabu. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, Sita ni mfuo, ule mstari unaobaki plau ikishapindua udongo. Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za ibada za Wahindu, inauomba mfuo wenyewe ulete mavuno.

Binti mwenye jina hili anatoka kwenye Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu: Mfalme Janaka wa Mithila analima uwanja wa ibada, anamkuta mtoto mchanga kwenye mfuo, anamlea. Kwa hiyo ukisikia Janaki (binti wa Janaka), Vaidehi (wa Videha, nchi ya Janaka) au Maithili (wa Mithila), ni yeye yule.

Hilo la mkosi linatokana na masaibu yake: kuishi uhamishoni msituni, kutekwa na Ravana, mfalme wa mashetani, kupita motoni kuthibitisha usafi wake, na mwisho ardhi kumpokea. Zipo familia zinazolikwepa kwa sababu hiyo. Binafsi naona hoja nyepesi, maana wanaompa mtoto jina hili wanatazama uthabiti wake. Wakwe wakigoma, chukua Janaki.

Matamshi: irabu zote mbili ni ndefu, "Siitaa". Sisi ya kwanza tunaivuta wenyewe, ya mwisho ndiyo tunaikata. Kwa Devanagari, hati ya Kihindi, andika सीता. Ukiweka सिता, yenye i fupi, hilo ni neno jingine, la weupe na la sukari pia. Ukitaka jina lichongwe kwenye kidani, hakiki kabla sonara hajachonga.