Mbwa kumeza gunzi: chumvi usimpe, na usingoje kitoke chenyewe

Mleta uzi, umesema mbwa wako wa miezi saba alimeza kipande cha gunzi jana jioni na leo anatapika kila akinywa maji, na umeshauriwa umpe chumvi. Usimpe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii.

Gunzi watu hulidharau kwa kuwa limetoka kwenye chakula, lakini tumbo la mbwa haliliyeyushi. Laweza kukaa tumboni siku nyingi, mbwa akila na kucheza kama kawaida, kisha likasukumwa kwenye utumbo mwembamba na kukwama. Likishakwama hugandamiza ukuta wa utumbo, damu haipiti, sehemu ile inakufa na kutoboka. Hapo uchafu humwagika ndani ya tumbo, na kumwokoa kunakuwa kugumu sana. Kokwa la embe ni hatari ileile.

Chumvi hupandisha sodiamu kwenye damu: mbwa hutetemeka, hupata degedege, hata kufa. Mafuta ya kula nayo yakimpalia huingia mapafuni na kuleta nimonia. Kutapisha hufaa tu kama kitu bado kiko tumboni, kwa kawaida ndani ya saa mbili tangu kimezwe, na aamue daktari. Sindano, mfupa uliochongoka au betri havitapishwi, vitamjeruhi tena vikirudi. Betri ndogo ya saa haisubiri hata kidogo, maana ikinasa kooni huanza kuchoma chini ya saa moja.

Kabla hujatoka, kama anakuruhusu, mfungue mdomo uangalie chini ya ulimi. Uzi wa kushonea hupenda kunasa pale huku ncha nyingine ikiteremka tumboni. Ukiuona, usiuvute! Utumbo huwa umejikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa mshono, na ukivuta unaukata. Vivyo hivyo ukiona uzi unaning'inia nyuma.

Usimlishe, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi na upasuaji. Beba kipande cha gunzi kilichobaki ili daktari akadirie ukubwa. Mweleze saa aliyomeza, ametapika mara ngapi, choo cha mwisho kilikuwa lini. Bonyeza ufizi kwa kidole uachie: rangi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, au ufizi umepauka, hiyo ni dharura, mwambie mapema.

Kuhusu eksirei, chuma, jiwe na mfupa huonekana vizuri. Gunzi, soksi na plastiki mara nyingi havionekani vyenyewe. Daktari hutafuta utumbo uliojaa gesi kabla ya mahali palipoziba. Kwa hiyo ukiambiwa picha haina kitu na mbwa bado anatapika, usirudi nyumbani ukaridhika. Omba altrasaundi, au picha nyingine baada ya saa kadhaa.

Akipona, jambo linalosahaulika ni namna ya kumnyang'anya kitu. Ukimkimbiza au kumpigia kelele, humeza haraka ili usimpokonye, na soksi nyingi huishia tumboni kwa njia hiyo. Simama, mwoneshe kipande cha nyama, akiachia mpe palepale. Magunzi yaende kwenye debe lenye mfuniko unaobana, siyo kwenye mfuko wa plastiki mlangoni, maana atameza na mfuko.