Anti, lugha ikishapotea bado ni Mkorea?

SWALI: Shikamoo anti. Mi naishi Ngamiani hapa Tanga, babu mzaa baba alitoka Hadhramaut kule Yemen ila nyumbani tunaongea Kiswahili tu, Kiarabu chetu kinaishia kwenye sala. Juzi binamu zangu walioko Oman wamenambia eti mi sio Mshihiri tena, imeniuma kweli. Afu nimesikia kuna Wakorea wa Kazakhstan wanaongea Kirusi, Kikorea wengi hawajui. Hao nao bado ni Wakorea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni Wakorea, tena lugha hawakuiacha kwa kupenda. Mwaka 1937 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, aliamuru Wakorea wote wa mashariki ya mbali ya Urusi wahamishwe, watu kama 172,000 hivi, wakapakiwa kwenye treni mpaka Kazakhstan na Uzbekistan, wengine wakafia njiani na wengine baridi ya mwanzo ikawamaliza, na 1938 shule zao zikageuzwa kuwa za Kirusi, sasa mtoto hapo Kikorea angekisomea wapi?

Kule walikofikia kabichi ya kimchi, ile achari yao ya Kikorea, haikuwepo, basi wakachukua karoti, wakazikata nyembambaa, wakatia siki, kitunguu saumu, pilipili na giligilani. Wanaiita morkovcha, leo inauzwa masokoni Tashkent mpaka Moscow, na huko Korea kwenyewe sio chakula chao. Sa hicho utakiita cha nani kama sio cha Wakorea hawa hawa? Na mtoto akitimiza mwaka bado wanampangia vitu mezani achague mwenyewe, mzee akifika miaka 60 anafanyiwa karamu, na tarehe 5 Aprili familia zinaenda makaburini kusafisha na kuwawekea wazee wao chakula. Hapo ndo mi nawapendea sana.

Kinachoniuma ni hiki, wajukuu zao waliorudi Korea Kusini kutafuta kazi, huko Ansan na Gwangju, wengi wanaonekana wageni kwa sababu ya hiyo lugha. Ndo hayo hayo ya binamu zako, na mi sikubali kabisa kwamba aliyebaki karibu na kwao ndo mwenye daftari la ukoo.

Kiarabu kama unakitaka kasome, umri haujapita, ila usisome ili binamu wakukubali. Na wazee wa ukoo waliobaki hapo Tanga waulize majina ya babu zao mpaka watakapofikia, uyaandike mapema.