Ramani Yako Isibaki Pagale

Ukianzisha ramani mpya kwenye World Editor, kihariri (programu ya kutengenezea ramani, yaani uwanja wa kuchezea wenye kanuni zake) kinachokuja pamoja na mchezo wa kompyuta wa Warcraft III, programu inaipa jina yenyewe: “Just another Warcraft III map”. Kwenye nafasi ya mtunzi inaweka “Unknown”. Kwenye maelezo inaweka “Nondescript”, yaani kitu kisicho na sifa ya kukitambua. Mchezo ulitoka mwaka 2002, na mpaka leo nikipakua ramani za wachezaji nakuta zilizoachwa na maneno hayohayo. Mtu amekesha miezi akibuni mashujaa na kupanga mapigano, lakini kazi yake haina jina. Anayetafuta ramani ya kucheza jioni hiyo anaipita bila kuifungua, na simlaumu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza ramani, za Warcraft III hasa, ingawa mengi yatamfaa hata anayetumia kihariri cha michezo mingine kama StarCraft au Age of Empires II.

Mwaka 2011 nilikuwa nacheza kwenye kibanda cha intaneti hapa Tanga, chenye kompyuta nane zilizounganishwa kwa waya. Usiku, wateja wa barua pepe wakishaondoka, mwenye kibanda alituachia tucheze. Nilikuwa nimetengeneza ramani ya watu wanne wanaolinda mji wa bandari: maadui wanakuja kwa vyombo, wanashuka gatini, na nyinyi mnajenga minara na kuongoza mashujaa. Mashujaa kumi na wawili wa kuchagua. Miezi minne ya kazi. Nikawaita rafiki zangu, tukaanza.

Dakika ya pili mmoja akauliza, “Hiki kitufe kinafanya nini?” Alipokiwekea kishale, yakatokea maneno “Tool tip missing!”, ambayo mchezo huandika pale mtunzi alipoacha patupu. Dakika ya kumi chombo cha adui kilikwama mbali na gati, na wimbi zima la maadui likabaki humohumo, hakuna wa kupigana naye. Ilipofika dakika ya ishirini na tano kompyuta zikaanza kuganda, kwanza nusu sekunde, kisha sekunde nzima. Muda wote huo nilikuwa nimesimama nyuma yao nikieleza: hapo bado, hapo nitarekebisha, hapo bonyeza kule kwanza. Mwenye kibanda, kaka mmoja aliyewahi kuwa fundi mwashi, akainuka akaniambia kwa upole, “Bwana mdogo, umetujengea pagale. Kuta zipo, lakini hakuna anayeweza kulala humu.”

Nililibeba neno lile hadi nyumbani. Pagale halina kosa kwenye msingi. Linakosa lipu, milango, madirisha, dari, vile vitu ambavyo fundi huvidharau wakati wa kupandisha kuta na mwenye nyumba huvigusa kila siku. Kesho yake nikafungua ramani ile na kuanza upya, safari hii kwa kuipunguza.

Hapo ndipo ningekushauri uanzie. Shujaa wa kawaida wa Warcraft III ana uwezo wa aina nne: tatu zenye ngazi tatu tatu, na mmoja mkubwa wenye ngazi moja. Hiyo ni ngazi kumi kwa shujaa mmoja, na kila ngazi inahitaji maelezo yake, namba zake na majaribio yake. Mashujaa kumi na wawili ni ngazi mia na ishirini. Mimi peke yangu, kwa kompyuta ya kuazima, nisingeweza kuzimaliza, na ndiyo maana sikuzimaliza. Nilifuta wanane. Niliumia, maana wawili kati yao niliwapenda sana, lakini wanne waliobaki walipata haki yao. Ukijikuta unasema “hiki nitakimalizia baadaye” mara tatu kwa wiki moja, ramani yako ni kubwa kuliko muda wako.

Maneno ndiyo lipu ya kwanza. Mchezaji hawezi kukuuliza wakati wa mapigano, kwa hiyo kitufe kimjibu. Andika uwezo unafanya nini, unaumiza kiasi gani, unadumu sekunde ngapi, na baada ya muda gani unaweza kutumika tena. Namba za kwenye maelezo zilingane na namba za kweli. Ukibadilisha madhara kutoka 150 hadi 120 ili kusawazisha nguvu, rudi ubadilishe na maandishi siku hiyohiyo, kwa sababu kesho utasahau. Jina la uwezo na herufi yake ya kubonyeza vipe rangi ya dhahabu kama mchezo wenyewe unavyofanya: unaandika |cffffcc00 mwanzoni na |r mwishoni. Hakikisha pia kwamba shujaa mmoja hana uwezo wa aina mbili unaotumia herufi moja. Nilikuta hilo kwenye ramani yangu mwenyewe, shujaa aliyebonyezewa T akiponya badala ya kurusha moto, na mchezaji wake akadhani hajui kucheza.

Nilikuwa nimeandika nusu ya maelezo kwa Kiingereza kibovu kwa sababu niliamini ramani ya maana lazima iwe ya Kiingereza. Niliyafuta, nikaandika yote kwa Kiswahili. Kiswahili hakina herufi za alama zinazoharibika kwenye skrini, kinakaa vizuri, na rafiki zangu walianza kusoma vitufe badala ya kuvikisia. Ukiwa na hamu ya wachezaji wa nje, tengeneza toleo la pili na umpe anayejua lugha hiyo ailainishe. Kuchanganya lugha mbili ndani ya ramani moja kunaonyesha tu kwamba hukuisoma tena.

Kuna kosa moja dogo ambalo linanichoma kila nikiliona. Ukiingiza ikoni yako mwenyewe, mchezo unahitaji picha mbili: ya kawaida, ambayo faili lake huanza na BTN, na iliyofifia, inayoanza na DISBTN, kwa ajili ya wakati kitufe hakitumiki. Watunzi wengi huingiza ya kwanza tu. Mchezaji anayecheza peke yake anabonyeza F10 kufungua menyu, na vitufe vyote vya shujaa vinageuka miraba ya kijani kibichi. Kutengeneza picha iliyofifia ni kazi ya dakika tano.

Ardhi sasa. Usiipake rangi ukiwa umeinua kamera juu kama ndege. Ndani ya kihariri unaona ramani kutoka mbali, bila ule ukungu unaomficha mchezaji sehemu asizozifikia. Mchezaji anaiona kutoka karibu, kipande kwa kipande. Weka kitu, jaribu kwa Ctrl+F9, tembea hapo na kikosi, rudi urekebishe. Kwa muda mrefu barabara zangu zilikuwa kama zimepigwa rula, udongo upande huu na nyasi upande ule. Siku moja nikashuka kwa miguu kwenye njia ya kwenda ufukweni nikaiangalia kwa makini. Katikati, panapokanyagwa, udongo ni mtupu na umebonyea. Pembeni kuna nyasi fupi zilizochanganyika na vumbi, halafu nyasi ndefu, halafu mawe ambayo watu wameyasukuma kando. Nikarudi nikatumia aina tatu za udongo badala ya moja, nikashusha katikati ya barabara kidogo sana, nikageuza kila jiwe upande wake na kulipa ukubwa wake. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza njia iko wapi.

Na hapo nikaelewa chombo kilichokwama. Kihariri kina maji mafupi na maji ya kina. Askari hupita kwenye maji mafupi kwa miguu. Vyombo huelea kwenye kina tu. Kwa macho tofauti yake ni ndogo, na mimi nilikuwa nimepaka maji mafupi mbele ya gati kwa sababu rangi yake ilinipendeza. Nilichimba mkondo wa kina mpaka gatini, kisha pande zake mbili nikapanga miamba na nyasi za baharini, ili mchezaji ajue kwa kutazama tu wapi chombo kinapita na wapi askari wanavuka. Pambo zuri lina kazi ya namna hiyo. Lisilo na kazi, hasa likiziba njia bila kuonekana kama kizuizi, liondoe hata kama ni zuri.

Kuganda kwa kompyuta kulinichukua muda mrefu kuliko yote. Triga, yaani kanuni inayouambia mchezo ufanye nini jambo fulani likitokea, inapotaja mahali, tuseme “katikati ya eneo la gati”, mchezo unaunda kitu kipya kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kinatumika mara moja, kisha kinabaki pale. Hakifutiki chenyewe mpaka mchezo uishe. Makundi ya askari ni vivyo hivyo, na athari za moto na moshi pia. Triga yangu moja ilikuwa inaamka kila sekunde mbili. Ndani ya dakika arobaini inaamka mara 1,200, na kila mara ilikuwa inataja mahali kumi. Hivyo ni vitu 12,000 visivyo na kazi, kutoka triga moja tu, na nilikuwa na nyingi.

Dawa yake haihitaji uwe mtaalamu wa JASS, lugha ya kuandikia amri za mchezo huu. Hifadhi mahali kwenye kigezo, yaani jina la kuhifadhia kitu, tuseme Gati, kitumie, kisha mwishoni ongeza mstari wa amri unayoiandika mwenyewe (Custom script): call RemoveLocation(udg_Gati). Kwa kundi la askari, kabla ya kulitumia weka set bj_wantDestroyGroup = true, nalo litafutwa likimaliza kazi. Athari ukishaiunda, iharibu palepale. Ile ya mlipuko bado itaonekana mpaka mwisho. Nilipitia triga zangu moja moja kwa wiki mbili. Ni kazi ya kuchosha isiyoonekana kwenye picha yoyote, na hakuna atakayekusifu kwayo, lakini ndiyo inayomwezesha mtu kufika dakika ya hamsini ya ramani yako mikono ikiwa bado ina raha.

Mengine nitayapitia haraka. Hadithi ya mwanzo iruhusu mtu kuiruka kwa Esc, maana anayecheza mara ya tano hataki kuisikia tena. Mchezaji akiondoka katikati, dhahabu na minara yake viende kwa wenzake. Umeme hukatika, na waliobaki wasiadhibiwe kwa hilo. Hifadhi faili kwa jina jipya kila siku ya kazi, kwa sababu kihariri huanguka. Muziki na maumbo ya kuingiza yawe machache: kwa miaka mingi mchezo ulikataa mtandaoni ramani iliyozidi MB 4, baadaye ikawa 8, na ingawa leo mipaka imelegea, ramani nzito bado inamchelewesha mwenye bando dogo.

Watu hupenda kutaja DotA, ramani maarufu ya Warcraft III, kama ushahidi kwamba wazo zuri linatosha. Mimi naisoma historia hiyo tofauti. Wazo la njia tatu na mashujaa lilikuwapo kabla, kwenye ramani ya StarCraft iitwayo Aeon of Strife. DotA ya kwanza ilitoka mwaka 2003, ikapita mikono ya watunzi kadhaa, na yule anayejulikana kama IceFrog akaendelea kuirekebisha kwa miaka, toleo baada ya toleo, namba ndogo baada ya namba ndogo, hadi kampuni ya Valve ilipoitoa Dota 2, mchezo unaojitegemea, mwaka 2013. Wengi waliiga wazo lile. Wachache walikuwa na subira ya kulipiga msasa namna ile.

Sasa jinsi ya kujaribu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyotaja. Ulete watu, uwape ramani, kisha ukae kimya. Usisimame nyuma yao kama nilivyosimama mimi. Shika daftari. Kila swali watakalouliza liandike kama lilivyo, usilijibu. Kila wanapobofya mahali pasipo na kitu, andika. Wakicheka mahali usipotarajia, andika. Utaona vigumu sana kunyamaza, utataka kujitetea, lakini mtu atakayeipakua ramani yako Mwanza au Lubumbashi hatakuwa na wewe begani. Swali likiulizwa na watu wawili, kosa si lao.

Miezi mitano baada ya jioni ile nilirudi kwenye kibanda na toleo jipya. Lilikuwa na jina, Ulinzi wa Bandari, jina langu mahali pa mtunzi, na maelezo ya mistari miwili. Niliketi kwenye kiti cha mlangoni na daftari langu. Walicheza dakika hamsini na tano, wakashindwa wimbi la mwisho, wakaanza tena bila kuniambia chochote. Mwenye kibanda alichelewa kufunga.

Daftarini nilikuwa na maswali matatu. Mawili niliyamaliza usiku uleule. La tatu liliulizwa na kijana aliyekulia Pangani, mtoto wa mvuvi. Aliutazama mkondo wangu, akatazama jua la mchezo likichwea, akauliza, “Mbona siku nzima imepita na maji hayajapwa?”

Siku nzima ya Warcraft III ni dakika nane. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kuna amri ya JASS, SetTerrainPathable, inayoweza kufunga na kufungua kuelea kwa vyombo kwenye kila kipande cha maji wakati mchezo unaendelea. Nimefungua faili jipya, na sasa hivi nahesabu ni vipande vingapi vya mkondo vifungwe kila baada ya dakika mbili, ili maji yakipwa adui akwame nje, na chombo chako kikwame naye.