Nano kwenye kipandikizi cha nyonga si chipu

Kaka, umeniuliza kama kipandikizi cha nyonga chenye nano walichomwekea mama ni chipu ya kumfuatilia. Hapana, si chipu na hakimfuatilii popote. Nano hapo ni uso wa chuma tu: chuma cha kipandikizi, kiitwacho titani, huchongwa kwa asidi au umeme mpaka kipate vitundu vidogo mno. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000,000, kwa hiyo kwa macho huoni kitu. Hakuna betri wala mawimbi.

Sababu yake ni mfupa. Fikiria mawe yetu ya ziwani hapa Mwanza: palipolainishwa na maji unateleza, palipokwaruzika mguu unashika. Seli za mfupa nazo hushika vizuri zaidi penye mkwaruzo. Kwamba mfupa hushikamana na titani aliligundua Brånemark, Msweden, miaka ya 1950. Nano inaongezea juu ya hapo. Vipandikizi vingine hupakwa chembe za madini ya fedha ili bakteria wasijenge utando juu ya chuma, maana utando ule ukishajengeka dawa hupenya kwa shida.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Juzi nilimsimamisha mgonjwa wangu mmoja, mama muuza dagaa wa Kirumba, kashika reli mikono miwili, jasho linamtiririka, hatua tatu. Hizo hatua hazifanywi na nano, kaka. Mama naye mazoezi asiache, na kidonda kikitoa usaha au joto likipanda, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Madini ya fedha hupunguza maambukizi tu, hayayazuii yote.