Kilo 12 za karafuu zilivyojaza skrini nzima

Programu yangu ya kwanza yenye kazi ya kweli niliiandika Wete, Pemba, msimu wa karafuu, kwa ajili ya ami yangu. Yeye hesabu zake ziko kwenye daftari: kilo, bei, jumla. Nikamwambia, "Ami, hii niachie mimi." Nikaandika mistari mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
bei = 14000
print(kilo * bei)

Bei hiyo niliiweka ya mfano tu. Ami akaandika 12, akabonyeza Enter. Mimi nasubiri 168000. Kilichotoka ni 1212121212, mstari juu ya mstari, skrini ikajaa na bado inashuka. Ami akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo tumeshakuwa matajiri?"

Kosa lenyewe ni hili: input hukurudishia maandishi, hata ukiandika tarakimu tupu. Kwa Python ile 12 ilikuwa herufi mbili zilizokaa pamoja, na maandishi ukiyazidisha kwa 14000 yanajirudia mara 14000. Dawa ni kuandika kilo = float(input("Kilo ngapi? ")). Hiyo float huyageuza maandishi kuwa namba yenye desimali, nami nimeitumia kwa sababu mizani haikupi kilo kamili kila siku. Kwa vitu vya kuhesabu kimoja kimoja, kama magunia, tumia int, inayotoa namba kamili.

Na mimi nilibahatika, kosa langu lilipiga kelele. Ungejumlisha "12" na "3" ungepata 123, na 123 ina sura ya hesabu safi kabisa. Unaweza kumlipa mtu kwa hiyo. Ndiyo maana siku hizi nikikwama sianzi kukisia. Naandika print(kilo, type(kilo)) nione kigeu, yaani jina lililoshika thamani kama hiyo kilo, kimebeba nini, na cha aina gani.

Alama ya = nayo inawaponza wengi kwa sababu ya skuli. Ukimwandikia mwalimu wa hesabu jumla = jumla + kilo atakutia mkasi. Kwenye programu hiyo ni amri: piga hesabu ya kulia kwanza, jibu lipe jina la kushoto. Mimi huisoma "jumla sasa iwe", na tangu nianze kuisoma hivyo haijanichanganya.

Fedha ziweke kwa shilingi kamili. Ukiiambia Python 0.1 + 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, kwa sababu inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na huko 0.1 haimaliziki, kama theluthi moja isivyomalizika kwetu.

Baada ya karafuu nikahamia ludo, ile tunayocheza barazani. Ukishaliita faili la Python la bahati nasibu kwa import random, dadu ni mstari mmoja: random.randint(1, 6), na 1 na 6 zote zimo. Mwanzo nilitumia randrange(1, 6), ambayo huishia 5. Sasa ludo bila sita, kete zitatokaje nyumbani? Tulikaa robo saa nzima hakuna aliyetoka.

Kilichonitesa zaidi ni sheria ya sita tatu mfululizo, ambayo kwetu inakupotezea zamu. Programu ilikosea hapo tu, na kupata sita tatu kwa mirusho mitatu ni bahati ya 1 kati ya 216. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Kumbe ningeandika random.seed(7) juu kabisa, dadu ingerudia mfuatano ule ule kila nikiiwasha. Hiyo 7 huitwa mbegu; ukiibadilisha ukapata inayotoa sita tatu mapema, kosa unaliita wakati wowote utakao. Inawezekana kwa kuwa nasibu hii ni hesabu, inayoitwa Mersenne Twister, iliyochapishwa mwaka 1998 na Matsumoto na Nishimura wa Japani. Kwa dadu inatosha na kubaki. Kwa nywila usiitumie, Python ina secrets kwa kazi hiyo. Na mbegu uiondoe kabla hujawapa wenzio mchezo, watazikariri dadu zako.

Jambo la mwisho ni dogo, ila lilinila usiku mzima. Faili langu nililipa jina random.py. Kila nikiliwasha naambiwa random haina randint, na mimi naiona kwenye kitabu ipo. Nikafuta Python, nikaiweka upya, wapi! Python ilikuwa inaangalia kwanza folda yangu, inalikuta faili langu mwenyewe, inaliita hilo. Nikalibadilisha jina likawa ludo.py, na adhana ya alfajiri ikanikuta narusha dadu.